Upande Usio na Wimbo

Sanduku lilipanda Vudee, milimani Upare, limepakatwa kama mtoto mchanga. Wilbard alikataa lifungwe juu ya gari, akakataa pia lilazwe kiti cha nyuma. Alilipakata mwenyewe tangu stendi ya Same, kona kwa kona, mpaka magoti yakafa ganzi. Aliposhuka mbele ya nyumba ya baba yake alitembea kama mtu aliyetoka kupigwa, na majirani waliokuwa wakichungulia kwenye migomba wakadhani amebeba keki ya harusi.

Rogathe, mdogo wake wa mwisho, alikuwa kibarazani anachambua maharage. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo kaka. Nikupokee."

"Marahaba. Usiniguse kwanza. Nina Baba mzima humu ndani."

"Nani kanifungia humo?" sauti ya mzee ikatoka mlangoni.

Mzee Eliufoo alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, pale anapoketi kila siku tangu presha ya macho ilipomaliza kumnyang'anya mwanga. Alikuwa amegeuzia sikio upande wa gari, kidevu juu.

"Ni santuri zako, Baba," Wilbard akasema. "Zote. Tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, sanduku moja. Yule Mjerumani aliyekuwa akizikusanya kamaliza. Huko kwao zinauzwa madukani."

 Mzee alinyoosha mikono, akawekewa sanduku mapajani, akawa analipapasa pembe zake kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

Dereva, kijana wa Same aitwaye Hezroni, aliteremsha mashine mpya ya kupigia santuri na begi dogo la Wilbard. Begi lilikuwa dogo mno. Rogathe aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Kesho nije saa ngapi, bosi?" Hezroni akauliza.

"Saa tatu asubuhi. Nina basi la Dar."

"Saa tatu nipo."

Rogathe akarudi kwenye maharage yake. Vidole viliendelea kuchambua, lakini jiwe na harage vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja. Kesho. Kesho ndiyo Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku aliyopewa na Sabrina.

Sabrina walisoma naye mpaka darasa la saba, dawati moja. Sasa ana kibanda cha kushona Lembeni, jirani na barabara kuu, na cherehani ya pili imekaa bila mtu. Aliitunza tangu mvua za vuli, akimngoja Rogathe, maana alijua mkono wake. Cherehani ya kina mama wa kanisani ilikuwa haishoni vizuri mpaka aikalie Rogathe. Wiki iliyopita akapiga simu: "Ijumaa, Roga. Usipotokea Ijumaa namchukua yule msichana wa Kisangara. Sina moyo mbaya, nina wateja." Rogathe naye akampigia Wilbard, akamwomba aje akae na Baba, hata mwezi mmoja, wakati wanatafuta mtu wa kumsaidia. Wilbard akasema, "Nakuja na sanduku, tutaongea." Kwa hiyo Rogathe alilingoja sanduku hilo kuliko hata mwenye nyimbo zake.

Kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Wengine wakishatoka, yeye ndiye mlango unaofungwa nyuma yao. Na kwa desturi hiyo hiyo, nyumba huwa yake. Lakini kwenye kikao baada ya mazishi ya mama yao, Rogathe alisikia mdomo mmoja ukisema mambo mawili: kwamba atabaki kwa sababu ni mtoto wa mwisho, na kwamba nyumba na shamba ni vya Wilbard kwa sababu ni mtoto wa kiume. Kwenye kazi yeye ni kitinda mimba, kwenye mali yeye ni mtoto wa kike. Aliyaweka maneno yale moyoni, hakuyajibu. Baba yake naye alikuwepo, na hakuyajibu.

Tangu hapo siku zake zilikuwa na urefu wa kamba. Kamba yenyewe aliifunga kwa mkono wake, kutoka nguzo ya mlango mpaka chooni, ili mzee aweze kujiongoza Rogathe akiwa shambani. Shambani penyewe hakuwa na ruhusa ya kuchelewa. Na siku ya zamu ya maji ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Maji ya pale hulala kwenye ndiva, lile bwawa la wazee juu ya kijiji, na alfajiri nyumba yenye zamu huyafungulia yashuke kwenye mfereji. Ukishayafungulia huondoki. Unayafuata na jembe, unayaongoza tuta kwa tuta, mpaka ndiva ikauke, na hiyo ni jua la utosini. Kuna siku Rogathe aliyaacha mara moja tu kwa kuwa alisikia Baba ameanguka. Aliporudi maji yamevunja ukingo yamelala kwenye maharage ya jirani, na Wapare ukiwapa kesi umewapa chakula. Iliamuliwa mbele ya watu wote, na faini akalipa.

Mchana ule ule Wilbard alitandaza sola, akaunganisha mashine, akaita watu. Wakaja wachache, wengi wao kwa ajili ya chai. Mbele alikaa Mzee Eliezeri, msimamizi wa ndiva, rika moja na Mzee Eliufoo, mtu mwembamba mwenye fimbo na maneno.

Juu ya sanduku kulikuwa na picha. Kijana mwenye nywele kubwa kama mzinga wa nyuki, suruali pana miguuni, kashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama anakikaba.

"Huyu nani?" Mzee Eliezeri akauliza.

"Ni Baba," Wilbard akasema. "Nairobi, miaka ya sabini. Walimwita Eli Machozi."

"Machozi ya nini? Alikuwa anapigwa?"

Watu wakacheka. Wilbard akaeleza kwamba ule ulikuwa muziki wa soul, walioutoa Wamarekani weusi makanisani mwao wakaupeleka dansini, na Baba alikuwa akiuimba kwa Kiswahili, na alipofika katikati ya wimbo sauti ilimpasuka kidogo, ikawa kama inataka kulia halafu inajizuia. Ndiyo maana ya jina. Mjerumani alizitafuta santuri hizo nyumba kwa nyumba, Nairobi mpaka Moshi, nyingine alizikuta zinafunikia mitungi.

Rogathe ndiye aliyepewa kazi ya kugeuza. Wilbard alisema ana mkono mwepesi.

Alipoteremsha sindano kwenye ya kwanza, ikatoka sauti ya mvulana. Ngoma, gitaa, halafu mvulana anamuaga mama yake kwenye stesheni ya treni, anamwambia asilie, atarudi na viatu. Mzee Eliezeri akaegemea mbele.

"Ndiye wewe, Eliufoo? Mbona kama binti?"

"Nilikuwa sijashiba makande," mzee akasema, na hapo tu ndipo alipotabasamu.

Rogathe hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Yeye alimjua baba wa safu ya nyuma kanisani, anayeimba sauti ya tena kwa kiasi, kama mtu anayekunja nguo. Huyu wa kwenye santuri hakukunja kitu. Kadiri alivyobadilisha, mvulana alikua. Kwenye ya pili alikuwa na tarumbeta nyuma yake. Kwenye ya tatu alikuwa kijana aliyeachwa na mtu na hataki mjue. Kwenye ya tano sauti ilikuwa imeshuka, nzito, na ule mpasuko ulikuja mara moja tu, mahali usipoutarajia, na mama mmoja pembeni akajisahau na kikombe cha chai hewani. Rogathe alitazama vidole vya baba yake gotini. Vilikuwa vinatangulia. Kila mara kabla ngoma haijapigwa, kidole kilikuwa kimeshashuka.

Ya sita ilipoisha upande wa kwanza, mzee akasema, "Geuza."

Rogathe akageuza, akasita.

"Baba, kibandiko cha huku ni cheupe. Hakijaandikwa wimbo."

"Wameuacha wazi," Wilbard akasema. "Nyimbo ziliisha, hazikutosha kujaza. Basi hapo ndiyo mwisho, wazee wangu, tunashukuru sana."

"Weka," mzee akasema.

"Baba, hauna kitu."

"Rogathe. Weka."

Akaweka. Santuri ikazunguka, ikatoa mlio mdogo, kama manyunyu kwenye majani ya mgomba. Hakuna kingine. Watu walitazamana. Wilbard, ambaye kimya humuwasha, akaanza kueleza mipango yake: kwamba sanduku hili litaleta wageni, watataka kuona alikozaliwa Eli Machozi, kwamba atapaka nyumba rangi, ataongeza vyumba viwili kwa nyuma…

"Wilbard," mzee akasema, "usiongee juu ya wimbo wangu."

 Sindano ikaendelea kutembea. Vidole vya mzee, Rogathe aliona, vilikuwa bado vinapiga gotini, taratibu, vikifuata kitu.

"Mwaka ule ilikuwa turudi studio," akasema baadaye. "Nyimbo zilikuwa tayari kichwani. Ikaja telegramu. Mama kavunjika nyonga. Na mimi ndiye kitinda mimba. Wakaniambia njoo mwezi mmoja tu."

Mzee Eliezeri akatikisa kichwa polepole. Yeye alikuwepo.

"Na zile nyimbo?" akauliza.

"Ndizo hizi tunasikiliza."

 Rogathe alikuwa amesimama pale karibu na mashine, mkono hewani, tayari kunyanyua sindano, na ndani yake kitu kilikuwa kinapanda kama maziwa jikoni. Siku zote alijiambia kwamba mzee hajui. Kwamba mwanamume, tena kipofu, tena mzee, atajuaje mtu anavyojisikia kufungwa kwa kamba ya upendo hadi chooni na kurudi. Kumbe anajua. Anajua uzito wake wote, aliubeba kabla yake, na alikaa kwenye kile kikao akanyamaza.

Sindano ilipofika katikati ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Rogathe akaiacha igonge zaidi ya ilivyopasa, ndipo akainyanyua.

Watu wakaondoka, akabaki Mzee Eliezeri, maana harufu ya makande ilikuwa imeshamfikia. Walikula mapema, jua bado liko juu ya nyika ya Same. Wilbard alikuwa na njaa na furaha.

"Tuongee sasa," akasema. "Rogathe ndiye atakayewapikia wageni. Makande haya haya. Wazungu wanapenda vitu vya asili."

"Kaka," Rogathe akasema, "mimi nilikuambia habari ya Lembeni. Ni kesho."

"Lembeni ipo, haihami. Cherehani hazijaisha Tanzania nzima. Wewe tupe mwaka mmoja tu, mdogo wangu, mambo yakae sawa."

Mwaka mmoja tu. Rogathe alitazama bakuli lake. Halafu aliona kwamba baba yake ameacha kutafuna.

"Wilbard," mzee akasema. "Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya kwako, Baba."

"Baada yangu."

Wilbard akajikohoza. "Si tulikaa kikao? Ni yangu. Mzee Eliezeri shahidi."

"Ni yako," Mzee Eliezeri akasema, mdomo umejaa.

"Vizuri. Basi kesho ni zamu ya maji ya nyumba hii, na mwenye nyumba ndiye mwenye maji. Umekuja, upo, utakwenda wewe. Ndivyo ilivyo, Eliezeri, au nimesahau?"

Mzee Eliezeri akaweka kijiko chini. Macho yake yalitoka kwa Eliufoo yakaenda kwa Wilbard, yakarudi, na kitu kama furaha ya kesi mpya kikapita usoni mwake.

"Hujasahau kitu," akasema. "Ndivyo ilivyo."

"Lakini gari langu ni saa tatu," Wilbard akasema.

"Ndiva inafunguliwa alfajiri, mwanangu. Kufungua si kazi, unang'oa kizibo tu."

"Ah, kama ni alfajiri, sawa. Nitakwenda. Hata nipige picha."

Rogathe akafungua mdomo kumwambia kaka yake, ambaye hajawahi kushika zamu, kwamba kufungua kweli si kazi, kazi ni kuondoka.

"Rogathe," mzee akawahi, "nipe maji ya kunywa."

Akampa. Mzee akashika kikombe pamoja na mkono wake, akaubana kidogo, akauachia. Kisha akanywa maji yote kama mtu mwenye kiu kweli.

Alfajiri Wilbard alitoka na jembe begani na buti za mvua za Rogathe zilizombana vidole, simu mkononi, akilalamikia ukungu. Rogathe alisimama uani mpaka akasikia kule juu sauti ya Mzee Eliezeri ikimpokea, na baada yake maji yakianza kunguruma mfereji mzima. Aliporudi ndani alikuta baba yake ameshajivalisha koti la kanisani, amekaa kitini.

"Begi lako liko wapi?"

"Begi gani, Baba?"

"Lile ulilopanga ukalipangua ukalipanga. Mimi ni kipofu, sijawa kiziwi. Na huyo Sabrina ana sauti kubwa kwenye simu."

Rogathe hakusogea. Alikuwa ameota siku hii namna nyingi, na katika zote yeye alikimbia. Hakuwahi kuota anafunguliwa mlango, na sasa miguu ilikuwa imeota mizizi kwenye sakafu aliyoifagia maisha yake yote.

"Nani atakushika mkono?"

"Kamba ipo. Na mwenye nyumba yupo."

"Wilbard hajui hata dawa zako ziko wapi."

"Atauliza. Mimi nilipokuja sikujua hata kukamua."

"Wewe uliambiwa mwezi mmoja," Rogathe akasema. Sauti yake ilitoka ngumu kuliko alivyokusudia, na hakuirudisha. "Ulijua, Baba. Mbona hukusema?"

 Kuku aliingia, akazunguka, akatoka.

"Ningesema ungeondoka," akasema.

Hilo ndilo jibu lililokuwepo, naye hakulipaka sukari. Rogathe akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi, na mkasi wake wa kushonea ameuviringisha kwenye kitambaa. Akapiga goti mbele ya kiti. Mzee akamwekea kiganja kichwani, akakiacha pale.

Hezroni alifika kabla ya saa tatu, akapiga honi. Mzee akainua kidevu.

"Weka ile ya kwanza kabla hujatoka. Fungua sauti mpaka mwisho."

Akaweka. Ngoma, gitaa, na mvulana wa stesheni akajaza nyumba, akatoka mlangoni, akaenda juu ya migomba.

Hezroni alikuwa ameegemea gari.

"Bosi yuko tayari?"

"Kaka yuko kwenye maji."

"Kwenye maji?" Hezroni, ambaye bibi yake alikuwa wa Bangalala, kijiji cha chini ya mlima chenye ndiva zake, akapiga mluzi mrefu. "Amefungulia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Huyo basi ni mpaka jua la utosini. Akiyaacha Mzee Eliezeri anamla mzima mzima." Akatazama begi mkononi mwa Rogathe, akatazama mlango ambako wimbo ulikuwa unatoka, akatazama tena begi. "Safari yenyewe imeshalipwa, dada yangu. Mimi nilikuja kumchukua abiria mmoja. Sikuambiwa awe na ndevu."

Rogathe akapanda mbele. Begi hakulitupa kiti cha nyuma, alilipakata.

Barabara inaposhuka hupita chini ya shamba lao, na hapo mfereji uko karibu kabisa. Rogathe alimwona kaka yake. Alikuwa katikati ya mahindi, maji yamemfika juu ya buti, jembe limemshinda, akiziba huku, maji yanapasukia kule. Mzee Eliezeri alikuwa ameketi ukingoni, fimbo mapajani, anamwelekeza kwa kidevu. Wilbard alisikia gari, lakini katika wakati ule ule mvulana wa santuri kule juu alifika mahali pa mpasuko, na Wilbard akainua kichwa kuitazama nyumba, akasikiliza, kama mtu anayejua kwamba nyumbani wapo na kila kitu kiko mahali pake. Hakuitazama barabara. Maji yakavunja tena, akainama.

Kwenye kona sauti ikakatika. Rogathe hakujua kama wimbo umeisha au ni mlima umeingia kati, na alijua kwamba kama umeisha, hakuna mtu wa kugeuza. Akataka kumwambia Hezroni asimame. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Ndani ya begi simu ikaanza kutetemeka. Akalibana begi kifuani kwa mikono miwili, hakutazama nani anapiga, akaiacha itetemeke mpaka Bangalala.